Muvi imekuliza, sawa, sasa tuambie kitu: jinsi ya kutoa maoni ya muvi uliyotoka kuangalia

Kuna siku nilimaliza muvi moja ya katuni, zile za kifamilia, usiku, niko peke yangu, macho mekundu, nikachukua simu nikaandika kwenye grupu: "Jamani hii muvi daah. Nimelia. Bonge la muvi, msikose." Nikaweka na emoji za kulia kama nane hivi, nikalala. Asubuhi nakuta dada mmoja kauliza, "wa kwangu ana miaka 5, naweza kumwekea?" Nikajibu fasta, weka tu dada yangu, si katuni hiyo. Baada ya siku mbili akanirudia. Mtoto usiku wa pili mfululizo anaamka anakwenda kumpapasa mama yake kitandani ahakikishe yupo, maana kwenye ile muvi mzazi anakufa mapema tu, na mimi hilo wala sikulitaja. Hakunigombeza. Alisema tu "ungeniambia". Nikarudi kusoma nilichoandika nikaona kiukweli sikuwa nimesema kitu chochote kuhusu muvi, nilikuwa nimetangaza kwamba nina machozi.

Toka hapo nikaanza kujifunza kuongelea muvi vizuri, na simaanishi kama wale wachambuzi wa maneno makubwa ambao ukimaliza kuwasoma hujui hata kama muvi wameipenda au la. Namaanisha kuongea kiasi kwamba ambaye hajaiona ajue kama inamfaa, na aliyeiona apate cha kukujibu zaidi ya "kweli kabisa". Mifano mingi nitaitoa kwenye hizi katuni zinazoliza watu kwa sababu ndizo ngumu kuliko zote, muvi ya kupigana unaweza kusema ngumi zilikuwa za uhakika watu wakakuelewa, ila muvi iliyokugusa unabaki na "daah" tu.

Kwanza lala nayo

Muvi ikiisha usitoe maoni. Andika sehemu ilipokushika, basi, kwenye simu yako au popote, maneno matano sita: "babu anakaa kwenye kiti, muziki unazima". Usiandike nzuri wala mbaya. Muvi nyingi za namna hii zimepangwa ziishe wewe ukiwa umeshalainika, wimbo unapanda, familia inakumbatiana, majina yanaanza kupita na wewe bado machozi yanakulengalenga, sasa mtu aliye kwenye hali hiyo ukimwomba maksi atatoa kumi kwa kumi hata kwa tangazo la sabuni.

Kesho yake ndiyo utajua. Kuna muvi unalia nayo jioni, asubuhi unapiga mswaki hukumbuki hata jina la steringi. Na kuna nyingine hukutoa hata chozi moja ila siku ya tatu unaosha vyombo unajikuta unawaza, hivi yule baba kwa nini hakugeuka nyuma? Hiyo ya pili ina kitu, hata kama usiku ule uliiona ya kawaida.

Mimi nina kipimo changu cha kijinga lakini kinafanya kazi: asubuhi nataja sini tatu bila kuangalia popote. Kama zote tatu zilikuwepo kwenye trela, basi muvi ilinipa kidogo sana zaidi ya tangazo lake. Kama hata moja ni kitu kidogo ambacho hakuna mtu angekiweka kwenye trela, mkono tu unafunga kifungo cha shati, naanzia hapo hapo kuandika.

Halafu sema uliiangaliaje. Kama ulikuwa unachati huku unaangalia, sema. Kama ulilala katikati ukaamka mwishoni, sema, siyo aibu, wakati mwingine kulala nako ni maoni. Kama uliiangalia ikiwa na sauti za lugha nyingine au kwa kusoma maandishi ya chini, taja pia, kwa sababu katuni imesimama sana kwenye sauti na mtu anaweza kukulaumu kwa kitu ambacho hujakisikia kabisa.

Machozi siyo maksi

Hapa ndipo wengi tunakwama na nitakaa kidogo.

Kumliza mtu siyo kazi ngumu hivyo. Mtoto anaita mama na mama hajibu, kinanda kinapigwa taratibu noti moja moja, mbwa amekaa mlangoni anamsubiri mtu ambaye sisi tunajua harudi. Mwili wako utaitikia hata kama muvi ni mbovu, ndivyo tulivyoumbwa. Kwa hiyo ukisema "imenitoa machozi" umetoa taarifa kuhusu wewe, ambayo ni nzuri tu, lakini bado tunakusubiri utuambie muvi ilifanya nini mpaka ikafika huko.

Chukua Up, ya 2009. Karibu kila aliyeiona atakuambia alilia mwanzoni. Sasa ukiuliza kwa nini, wengi wanasema "ile stori ya yule mzee na mkewe". Sawa, lakini angalia ilivyofanyika: ni kama dakika nne hivi, maisha ya ndoa nzima ya Carl na Ellie, na hakuna mtu anayeongea hata neno moja. Wimbo ni ule ule, wa Michael Giacchino, unaanza kwa kuchangamka kama watu wanacheza, halafu kadiri maisha yanavyokwenda unapungua mwendo, vyombo vinajiondoa, mwisho kinabaki kinanda peke yake kinapiga ule ule wimbo wa furaha sasa hivi taratibu mpaka unasikia ni wimbo mwingine. Muziki ule ulipata Oscar. Na kuna ile tai anayofungwa kila asubuhi, kile chupa cha kuwekea akiba ya safari kinachovunjwa kila dharura ikitokea, vitu vidogo vinavyojirudia. Ukimwambia mtu hivyo, hata ambaye hajaiona ameshapata sababu ya kuitafuta, na ambaye ameiona atasema aisee kumbe ndiyo maana. Hujamharibia kitu, hiyo yote ni kabla stori yenyewe haijaanza.

Hayo mi nayaita machozi ya halali, umelipwa kwa muda uliokaa na hao watu. Kuna ya kukamuliwa sasa. Utayajua hivi: mhusika analetwa, ni mwema kupita kiasi, anatoa wosia bila sababu, dakika kumi baadaye kafa. Au muziki wa huzuni unaingia kabla jambo lenyewe halijatokea, kama mtu anayekugusa bega akikuambia jiandae kulia. Au sini ya kilio imevutwa, imevutwa, uso wa mtoto umejaa skrini, wewe umeshalia umemaliza wao bado wanakamua. Ishara kubwa kuliko zote ni hii, baada ya msiba hakuna kilichobadilika kwenye stori, wahusika wanaendelea na safari yao kama aliyekufa alishuka kituoni. Ukiona hivyo sema, hata kama ulilia. Unaruhusiwa kabisa kuandika "nimelia na nimekasirika kwamba nimelia", mi nimeshaandika hivyo mara mbili.

Na kuna machozi ya tatu ambayo muvi haina hata habari nayo. Umefiwa, umehama, mtoto wako ameondoka nyumbani, unakutana na sini ya kawaida kabisa unavunjika. Ukiwa huru kusema, sema kwamba "mimi hii imenikuta kwenye hali fulani" na inatosha, huna haja ya kueleza kila kitu. Anayesoma atajua apunguze au aongeze. Wakati mwingine sentensi ya namna hiyo moja ina msaada kuliko uchambuzi wa kurasa tatu, kwa sababu mwenye hali kama yako atajua aiangalie au aiache kwanza.

Ukiwa hukulia wakati dunia nzima imelia? Usijikaze kisabuni kwa upande wa pili, yaani usijitie kulia. Sema haikunigusa halafu tafuta ilikosea wapi kwako. Mara nyingi utakuta ni sehemu moja tu hukuiamini, na kuanzia pale vyote vilivyofuata vikakuteleza.

Kwenye katuni hakuna kilichotokea kwa bahati

Kitu kimoja kilinibadilishia macho kabisa. Muvi ya watu halisi, upepo unaweza kupeperusha nywele za mtu wakati kamera inazunguka na dairekta akasema sawa acha hivyo hivyo, imependeza. Kwenye animesheni hakuna huo upepo. Ni picha 24 kwa sekunde, na kila unyasi unaotikisika, kila vumbi kwenye mwanga wa dirishani, kuna mtu aliamua liwepo. Kwa hiyo ukiona kitu kidogo kimekushika jiulize wamekiweka kwa nini, jibu utakalopata ndiyo maoni yenyewe, hata kama siyo jibu walilokusudia wao.

Mfano, The Wild Robot ya 2024. Roz, yule roboti, sauti yake ni ya Lupita Nyong'o, na uso wake hauna mdomo. Fikiria hapo. Hawezi kutabasamu, hawezi kubinua midomo alie, ana macho tu kama lenzi mbili. Sasa umama wote unaouona pale umetoka wapi? Umetoka kwenye sauti inayoanza ikiwa ya huduma kwa wateja, ile ya kukuchangamkia bila kukujua, halafu taratibu inapungua ule uchangamfu wa bandia na kupata uzito. Na umetoka kwenye mwili wake, anaanza akiwa mpya anang'aa, kadiri anavyolea anachubuka, anachakaa, anaota mpaka majani. Ukiliona hilo huwezi tena kuandika "grafiksi kali". Grafiksi kali ni sifa ya televisheni dukani.

Au Flow, ile ya Latvia, 2024 pia, iliyopata Oscar ya katuni 2025. Paka, mafuriko, jahazi, na kundi la wanyama, yupo mbwa, kapibara (mnyama kama panya mkubwa sana), lemuri (kama kima mwenye mkia mrefu), na ndege karani. Hakuna anayeongea muvi nzima. Wametumia Blender, programu ambayo mtu yeyote anaipakua bure. Muvi ya namna hii inakupima mwandishi, maana huwezi kusema "maneno yake yalinigusa", inabidi useme kile paka alichofanya, alirudi nyuma hatua moja, alikunja mkia, alikataa kugeuka. Kama unataka mazoezi ya kuelezea ulichokiona, anza na muvi isiyo na maneno. (Huyo kapibara sauti yake halisi ilikuwa nyembamba mno haimfai, wakatumia sauti ya ndama wa ngamia. Haihusiani na chochote ila siwezi kuiacha.)

Usimwage mtama kwenye kuku wengi

Sasa haya mambo ya kukata uhondo. Kila mtu anajua usiseme nani anakufa. Sawa. Lakini kuna namna nyingine za kuharibu ambazo tunazifanya tukidhani tumetunza siri.

Ile ya "sisemi kitu ila mwisho hutaamini" ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu umeshamwambia. Ataangalia muvi nzima anasubiri mwisho, kila mhusika anamshuku, hafurahii chochote njiani. Bora ungekaa kimya. Ya pili ni "andaa leso dakika za mwisho", hiyo nayo ni hiyo hiyo. Ya tatu ni ya kumsifia mhusika mmoja kwa huzuni, "yule shangazi jamani", mtu akiona shangazi anaingia tu anajua, shangazi hatoboi.

Sheria yangu ni robo ya kwanza. Kilichotokea ndani ya robo ya kwanza ya muvi unaweza kukisema, maana hapo bado wanatandika mkeka tu. Inside Out ya 2015, unaruhusiwa kusema kuna binti wa miaka 11 anaitwa Riley, familia inahama kutoka Minnesota kwenda San Francisco, na muvi inatuonyesha hisia zake zikiwa kama watu kichwani mwake, Furaha anaendesha mitambo na Huzuni anakatazwa asiguse chochote. Hayo yote ni mwanzoni. Halafu unaweza kusema muvi inauliza swali gani: kwa nini Huzuni anazuiwa? Usiseme jibu. Swali halikati uhondo, linamfanya mtu aingie akiwa na kitu cha kutafuta. Na kuna rafiki mmoja mle ndani wa kufikirika, wa utotoni, ambaye mi simzungumzii kabisa, hapa wala popote, waliomwona wanajua.

Zamani watu walilinda uhondo kwa nguvu kweli, 1960 Psycho, muvi ya kutisha ya dairekta Hitchcock, ilipotoka, majumba ya sinema yalitakiwa yasimruhusu mtu kuingia muvi ikishaanza. Leo huwezi kumfungia mtu mlango, kwa hiyo jukumu ni lako mwenye simu.

Lakini pia tusizidishe. Kuna watu siku hizi huwezi kuwatajia hata rangi ya gari wanasema umewaspoilia. Grave of the Fireflies, katuni ya dairekta wa Japani Isao Takahata, 1988, dakika ya kwanza tu yule mvulana mwenyewe anakuambia usiku aliokufa. Muvi imejikatia uhondo yenyewe, na bado ni kati ya muvi nzito kuliko zote za katuni zilizowahi kutengenezwa, maana unamwangalia na mdogo wake wakijitahidi kuishi wewe ukiwa unajua. Muvi ambayo ukijua mwisho haina tena cha kukupa, hiyo nayo ni taarifa kuhusu muvi.

Ukitaka kuongea yote, ongea, ila weka onyo mstari wa kwanza, acha nafasi, halafu shuka. Ukiwa unatuma kwa sauti sema onyo ndani ya sekunde mbili za mwanzo, siyo dakika ya tatu "aa samahani kama hujaiona".

Mzazi akikuuliza, mwambie kila kitu

Huyu sheria ya robo ya kwanza haimhusu. Mzazi hatafuti uhondo, anatafuta kujua atakachokutana nacho saa nane usiku. Mfuate pembeni umwambie yote mpaka mwisho.

Na usimwambie umri. "Inafaa miaka 6" haimsaidii, kuna wa miaka 4 anaangalia simba akila swala anaendelea na uji wake, kuna wa 9 akiona mlango unafungwa kwa nguvu halali. Mwambie vitu vyenyewe. Kuna anayekufa? Ni mzazi? Inaonekana au inasikika tu? Bambi ya 1942 mama yake haonekani akifa, unasikia mlio wa bunduki, halafu yule mtoto anamwita kwenye theluji, na kwa watoto wengi kutokuona ni kugumu zaidi kuliko kuona, maana wanabaki wanakuuliza yuko wapi. Kuna anayetelekezwa? Mtoto anapotea? Kuna mtu mzima anayemfokea mtoto kwa namna ambayo mtoto wako ameshafokewa? Kuna kukimbizwa gizani?

Muhimu zaidi, huzuni inakaa muda gani kabla hajaja mtu kumshika huyo mtoto? Hiki ndicho ninachokipima siku hizi. Watoto wanavumilia jambo kubwa kabisa la kuhuzunisha kama baada ya dakika moja mbili kuna mkono unafika. Wanachoshindwa ni mhusika kuachwa peke yake muda mrefu, hata kama hakuna aliyekufa.

The Wild Robot tena, trela ni mtoto wa bata bukini na roboti, inapendeza, ila mzazi anapaswa kujua kwamba mwanzoni kabisa Roz anaanguka juu ya kiota kwa bahati mbaya na familia ya yule kifaranga inaishia pale, linabaki yai moja. Haionyeshwi kwa ukatili na muvi inasogea haraka, tena kuna mama mmoja mwenye watoto wengi ambao wanaongelea kufa kana kwamba wanaongelea kulala, inachekesha sana, lakini mtoto anaweza kukuuliza. Mzazi akijua mapema anakuwa ameshaandaa jibu.

Na tafadhali hii imani ya kwamba katuni ni ya watoto iachwe. Ile ya Takahata niliyoitaja ni katuni, na inahusu watoto wawili kwenye vita. Japani ilitoka 1988 ikionyeshwa pamoja na My Neighbor Totoro, yaani tiketi moja unapata muvi ya kuchekelea msituni na muvi ya kukuvunja moyo, huwa nawawaza waliokaa pale na watoto wao.

Maksi, asilimia na kunakili

Hapa haraka. Ukitoa maksi, sema kumi yako ni ipi, mtu mwingine 7 kwake ni matusi na mwingine 7 ni sherehe. Na ile asilimia ya Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wachambuzi, ambayo watu wanarushiana siyo maksi, ni sehemu ya wachambuzi waliosema muvi ni nzuri kwa ujumla, basi. Muvi ambayo kila mchambuzi ameona ni ya wastani mzuri tu, sita na nusu kwa kumi, inaweza kupata 100%, na muvi ambayo nusu wameiabudu na nusu wameichukia itapata 50%. Kwa hiyo usije na asilimia kama hoja, na mi binafsi ile ya 50% ndiyo naikimbilia.

Usisome maoni ya watu kabla hujaandika ya kwako. Ukisoma tu, utajikuta unaandika sentensi zao. Una macho yako. The Lion King ya 1994, wenzetu wengi duniani wanasikia Simba, Rafiki, Pumbaa, wanaona majina mazuri ya kigeni, sisi tunasikia simba anaitwa Simba, yaani kama kumwita mtoto wako Mtu, na fisi mmoja kaitwa Shenzi. Pumbaa anapumbaa kweli. Unaangalia muvi nyingine kabisa na wao, unacheka sehemu ambazo hawakuweka kicheko. Hicho ndicho cha kuandika, wenzako hawana.

Inavyoonekana ukiandika

Ya kwangu ya zamani ilikuwa hivi: "The Wild Robot ni bonge la muvi, grafiksi kali, inafundisha upendo wa mama, nimelia sana, 10/10."

Nikirudia leo ningeandika hivi:

"Nimeangalia The Wild Robot jana usiku, peke yangu, sauti za Kiingereza. Roboti anatupwa na bahari kisiwa ambacho hakuna binadamu, anajikuta analea kifaranga cha bata bukini, na ana kazi tatu, kuhakikisha kifaranga anakula, anaogelea, na anajua kuruka kabla ya baridi. Iliponishika ni pale roboti anapokiri kwamba hana programu ya hii kazi, maana ndivyo nilivyojisikia niliposhikishwa mtoto mara ya kwanza. Hana mdomo, kila kitu kiko kwenye sauti. Sehemu ya mwisho kwangu ina kelele nyingi kuliko inavyohitaji, walishanishika hawakuwa na haja ya kunikimbiza tena. Nimelia, ila mapema kuliko nilivyotegemea na kwa kitu kidogo. Wenye watoto wadogo njooni pembeni kwanza."

Siyo ndefu. Ina hali niliyokuwa nayo, mwanzo wa stori bila mwisho, sehemu moja, namna ilivyofanyika, na lalamiko moja. Hilo lalamiko usiliache hata kwa muvi uliyoipenda sana, maoni yasiyo na kasoro hata moja watu wanayasoma kama tangazo. Na kwa muvi uliyoichukia, tafuta kizuri kimoja cha kweli, siyo cha huruma.

Kama ni muvi ya pili ya mfululizo, mstari mmoja tu wa kusema lazima uione ya kwanza au la. Inside Out 2 ya 2024 mtu anaweza kuingia nayo moja kwa moja akaelewa, Riley sasa ana miaka 13 na Wasiwasi amehamia kichwani, lakini aliyeona ya kwanza atapata zaidi. Hivyo tu.

Wakikubishia

Watakubishia. Jibu baya kuliko yote ni "hukuielewa". Huenda kweli hakuielewa lakini ukisema hivyo mazungumzo yamekufa. Muulize ilimpotezea wapi, sini gani. Ukipata sini mnakuwa na kitu kimoja mezani mnakiangalia wote, bila sini mnabaki kurushiana "mbovu", "nzuri", "mbovu". Mi nimewahi kubishana na shemeji yangu wiki nzima kuhusu baba mmoja kwenye katuni kama alikuwa mkali au mwoga, na mpaka leo hatujakubaliana ila wote tumeirudia ile muvi mara mbili kutafuta ushahidi.

Na mtu akisema muvi unayoipenda ni mbaya, hajasema wewe ni mbaya, hasa hizi zilizotutoa machozi, tunazishika kama ndugu. Pumua kwanza. Akicheka kwamba ulilia kwenye katuni, huyo mpuuze, akiona ile ya Takahata atarudi mwenyewe.

Ukirudia muvi baada ya miaka ukakuta maoni yamegeuka, usifute ya zamani. Andika chini yake, weka na mwaka. Mi nina muvi moja niliiandika nikiwa upande wa mtoto kabisa, kwamba mzazi ni mkorofi hamsikilizi mtu, na chini yake kuna mstari mwingine wa mwaka jana: "Nimeirudia. Huyu mama hajalala siku tatu, hivi nilikuwa naangalia nini?"